Mlango wa Nyuma Kushoto

Asubuhi ya Jumamosi Kalinga, fundi umeme wa magari pale Kihesa, alifungua kava la mlango wa nyuma kushoto, akapima mota ya loki, akaunga upya waya uliokuwa umechubuka karibu na bawaba, akabadilisha fyuzi, kisha akabonyeza kitufe. Milango yote ikajifunga kwa mlio mmoja. Akabonyeza tena, ikafunguka. Gari lilikuwa la Kijerumani, jeusi, la zamani kuliko ndoa ya mwenyewe, Marcelino, lakini viti vyake vya ngozi nyeupe bado viling'aa.

"Hapa halina ugonjwa," alisema Kalinga. "Linaumwa Ilula tu."

Tekla, mke wa Marcelino, alikuwa amesimama pembeni, mikono kiunoni. Neno hilo lilimkaa rohoni. Loki gani hiyo inayochagua mji wa kuharibikia?

Marcelino alikuwa na duka la pembejeo Ilula, na Jumamosi ndiyo siku yake ya kwenda. Kila alipopunguza mwendo kwenye matuta, pale akina mama wanapouza nyanya, kitufe cha mlango ule kiliruka juu chenyewe. Mlango ulifunguka, ukabaki wazi kwa muda wa mtu kuingia na kukusanya kitenge chake, ukajifunga. Hayo alimweleza fundi. Mkewe hakuambiwa chochote. Isitoshe, kwa miezi sasa, jioni za Jumamosi kulikuwa na sado, kile kindoo cha kupimia, kwenye kiti cha nyuma, imejaa nyanya mpaka zinamwagika.

"Umenunua kwa nani?" Tekla alikuwa akiuliza.

"Sijanunua."

Hebu fikiria! Mwuza nyanya gani wa Ilula anampa mwanamume sado nzima bure, na nyongeza juu? Tekla amekulia Kilolo, jirani na Ilula. Nyongeza anaijua: nyanya mbili tatu, tena zilizobonyea.

Kwa hiyo siku hiyo, gari lilipotoka kwa fundi, na yeye akapanda, akakaa mbele. Nyumbani alikuwa ameacha begi limefungwa, liko chini ya kitanda. Akimkuta mwanamke, anarudi kwa mama yake, basi. Njia nzima Marcelino aliongea kuhusu mbolea na mvua, wala hakuna aliyemuuliza. Tekla alizidi kumtilia shaka.

Kwenye matuta ya Ilula kitufe kikaruka. Wauzaji wakasogeza ndoo zao ili mlango ufunguke vizuri. Akaingia mwanamke wa makamo, kiuno kimepinda, kitenge kimekaukiwa na damu upande mmoja, sado ya nyanya mkononi.

"Haya Benedicta, safari njema," mmoja wa wauzaji alimwambia, kisha wote wakakimbilia basi lililosimama nyuma.

Tekla akageuka, tayari kwa vita. Lakini kwao hugombani na mtu ambaye hujamsalimia.

"Kamwene," alisema, meno yamebana.

"Kamwene, dada. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Unamjua mume wangu?"

"Namjua kwa kioo tu," alisema Benedicta. "Pikipiki ilinigonga pale. Huyu baba alikuwa amesimama ananunua nyanya. Wenzangu wakanibeba mpaka kwenye mlango huu, wakamwomba anifikishe hospitali, Tosamaganga. Baba akafunga loki, akaondoka. Tukasubiri gari lingine, nikafa palepale kwenye vumbi. Sasa ndiyo naenda kila Jumamosi, maana sikufika. Hizi nyanya ni nauli."

Tekla alimtazama mumewe. "Ni kweli?"

"Viti vyeupe, mama Joyness," alisema Marcelino, macho barabarani. "Damu haitoki kwenye ngozi."

Tekla aliumia, tena sana. Alitamani Benedicta angekuwa hawara. Hawara unamtukana, unabeba begi lako, unaondoka na heshima yako. Na zile nyanya alikuwa amezipikia mboga miezi yote hiyo, akazisifia.

Tosamaganga muuguzi alimpima Benedicta mapigo, akamwambia kwa upole kwamba waliokwisha kufa hawalazwi, akapumzike. Benedicta akashukuru. Alisema atajaribu tena Jumamosi ijayo, huenda zamu ikawa ya mwingine.

Jioni Tekla alilivuta begi, akakaa nalo kitandani. "Nenda kwa wazazi wa Benedicta ukaombe radhi," alimwambia Marcelino. "La sivyo, mimi naondoka."

"Nitakwenda. Ngoja kwanza nilimalize hili la loki."

Akalirudisha gari kwa Kalinga, akamweleza na habari za Benedicta. Kalinga akapima upya, akafuta mikono. "Mzee, loki ni nzima. Ni abiria wako huyo anafungua."

"Basi, kama ni abiria, ni abiria," alisema Marcelino, na akapitia duka moja la vifaa kabla ya kurudi nyumbani.

Jumamosi iliyofuata walikwenda wote. Pale kwenye matuta mlango ukafunguka, Benedicta akawa amesimama na sado yake. Marcelino akazima gari, akashuka. Moyo wa Tekla ukaruka. Hatimaye, alijisemea, anakwenda kumwomba radhi. Naye akashuka, ili awepo.

"Mama, samahani," alisema Marcelino. "Usikae kwanza."

Akafungua buti, akatoa nailoni mpya, pana, akaanza kuitandika juu ya kiti cheupe. Benedicta akasubiri mlangoni, ameinama na kiuno chake. Malori yalipita, nailoni ikawa inapeperuka.

"Mama Joyness," aliita Marcelino, "nishikie huko."

Tekla akamtazama Benedicta. Kisha akazunguka upande wa pili, akaishika ncha, akaivuta mpaka ikanyooka.