Koti la Mwewe

Dobi alilifua koti la mama yake kwa moyo wake wote, akalitia wanga, akalipiga pasi mpaka mikono ya koti ikasimama kama askari wa gwaride.

"Hili si langu," mama yake alisema, akalisukuma. "Langu linanuka mafuta ya ndege. Mwizi wewe."

Dobi akakaa kitako sakafuni. Mama yake, ambaye mji mzima ulimwita Mwewe, ndiye mwanamke wa kwanza kurusha ndege katika uwanja wao. Sasa kumbukumbu zake zilikuwa zinavuja kama ndoo mbovu. Majina ya wajukuu yalishatoka, na la dobi, bintiye, pia. Lilibaki koti tu. Akilivaa na kulinusa, macho yake hurudi kidogo. Na leo chuo cha urubani kinafungua darasa lenye jina lake, wasichana wa shule wamejaa wanamngoja. Dobi alitaka jambo moja: mama ajue, japo kwa kitambo, kwamba watu hawajamsahau. Na harufu ya kumrudishia kumbukumbu ndiyo hiyo aliyoifua kwa mikono yake.

Fundi wa ndege za zamani za Mwewe alikuja na gari kuwachukua. Alimkuta dobi analia mlangoni.

"Nimemmaliza mama, kaka. Hatoki bila koti, na koti halitaki."

Fundi alilinusa. "Usafi wako utatuua, dada." Akafungua buti, akatoa tambara lake la kazi, jeusi tii. "Haya. Lichafue."

"Fanya wewe."

"Mimi? Aliyelifua ni nani?"

Dobi alilitandaza koti mezani. Tangu aanze kazi alikuwa anatoa madoa, hajawahi kutia hata moja. Alisugua kola, kisha mikono, kisha kifua, huku machozi yakimdondoka juu ya grisi.

Mama alilinusa, akalivaa, akafunga vifungo. Hakutabasamu. "Mmechelewa," alisema. "Hali ya hewa?"

"Safi, Kapteni," alijibu fundi.

Chuoni walimkalisha mbele. Hotuba zikaja, makofi yakaja, kitambaa kikavutwa, jina lake likaonekana ukutani. Dobi alimtazama mama usoni bila kupumua.

"Huyo aliyeandikwa pale ni nani?" mama alinong'ona.

"Rubani wa kwanza mwanamke hapa kwetu."

"Maskini. Alianguka?"

"Hajaanguka, mama."

Basi, ndiyo imetoka hiyo. Dobi aliinamisha kichwa. Alipokiinua, kiti kilikuwa kitupu. Mama alikuwa ameifuata ndege ndogo iliyoegeshwa nje, anaizunguka polepole, kiganja juu ya bati, anapapasa bawa, anatikisa usukani wa mkia, anainama kutazama matairi. Dobi alimkimbilia asije akajikwaa.

"Wewe mwanafunzi," mama alisema, akamshika mkono akaubandika kwenye ukingo wa bawa. "Usipande kitu hujakizunguka ukakigusa chote. Mwenye haraka simfundishi."

Kisha akakigeuza kiganja cha dobi, kilichochunwa na sabuni, akakitazama kwa muda mrefu.

"Huu mkono umefanya kazi," alisema. "Utaweza."

Dobi alitaka kumwambia yeye ni nani. Akanyoosha mgongo.

"Ndiyo, Kapteni."

Nyuma yao wasichana walikuwa wamekwisha kujipanga mstari, kila mmoja kanyoosha mkono, wanangoja zamu ya kugusa bawa.