Ripoti ya Asubuhi

Kidega alikuwa polisi wa zamu ya usiku, na tangu mkewe afariki alikuwa baba na mama wa Ayot, binti wa miaka tisa mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kila alfajiri alirudi kambini Naguru, akainama kuingia kwenye kibanda chao cha bati, kimoja cha vile ambavyo polisi wenyewe huviita "mama ingia pole", akaamuru: "Ripoti!"

Ayot alimpigia saluti kitandani. "Hakuna tukio, Afande!"

Walicheka. Kicheko hicho ndicho kilichomfikisha Kidega jioni.

Kisha kliniki alikotibiwa Ayot ikaanza kupima si damu na kilo tu, bali pia jinsi mtoto anavyoishi. Muuguzi Safinah alimwambia wazi kwamba majibu ndiyo yangeamua kama Ayot aongezewe dawa.

"Wiki hii, maumivu yamemwamsha usiku mara ngapi?"

"Hakuna. Mutoto yangu iko sawa, sista. Analala muzuri."

Alijibu kifua mbele. Lakini angejuaje? Usiku yeye alikuwa Nakasero, getini kwa mkubwa fulani, akilinda usingizi wa watoto wa wenyewe.

Alitolewa nje, Ayot akaulizwa peke yake. Aliporudi, Safinah aliweka karatasi mbili mezani. Yake ilisema sifuri. Ya mtoto ilisema sita.

"Amekosea kuhesabu."

"Hakukosea, Baba Ayot. Kila usiku ameutaja kwa siku yake. Anasema huwa anauma shuka, maana bati halifichi sauti, na majirani wangekwambia. Sasa niandike ipi?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye kitanda kile alikuwa akikijibia kana kwamba amelala juu yake. Mchezo wa ripoti aliobuni kwa mapenzi ndio uliomziba mtoto mdomo.

"Andika yake," alisema.

Alfajiri iliyofuata hakuamuru kitu. Alivua kofia, akaketi ukingoni mwa kitanda, kisha akampigia binti yake saluti.

"Ripoti, Afande. Usiku hii mimi nimelia. Nimekumbuka mama yako, huko kwa geti, peke yangu."

Mkono wa Ayot ulianza kupanda kwenye paji la uso, ukaishia njiani, ukashuka hadi mguuni.

"Tukio iko moja, Baba," alisema. "Hii goti. Hata sasa inauma."