Takwimu Hazipo

Ilipobaki dakika tano kufika saa tatu asubuhi, Beno Chilumba aliegemeza fagio ukutani, akapanda ngazi zilizobaki hadi juu ya paa. Mvua ilikuwa imepungua, imebaki manyunyu. Katikati ya paa la zege, mbali na matangi ya maji na kamba za nguo, lilisimama kopo la shaba lenye mdomo wa faneli. Alilifungua, akamimina maji yake kwenye bilauri nyembamba ya kioo yenye mistari, akachuchumaa mpaka mstari wa maji ukawa sawa na macho. Bilauri ilijaa mara saba, na ya nane ikabaki na kidogo.

Milimita sabini na moja nukta nne. Aliandika kwa penseli kwenye kauntabuku, akapiga mstari chini ya tarehe: 26 Novemba 1997.

Alipokuwa akishuka, mlango wa ghorofa ya tatu ulifunguka kidogo. Alikuwa Mama Pranav, yule mjane aliyebaki peke yake tangu wanawe wahamie Uingereza.

"Ngapi leo, Beno?"

"Sabini na moja, Mama Pranav."

"Na jana?"

"Hamsini na tisa."

"Mungu wangu. Huko bondeni Jangwani watu watapona kweli?"

Hakungoja jibu. Mlango ulifungwa, komeo likasukumwa. Beno akarudi kwenye fagio lake. Kulikuwa na siku ambazo hayo ndiyo maneno pekee aliyozungumza na mtu hadi jua linazama.

Alikuwa mtunzaji wa jengo hilo la Mchafukoge. Alifagia ngazi, akawasha pampu ya maji, akafunga geti. Zamani alikuwa msimamizi wa kituo cha kupimia hali ya hewa, miaka kumi na tisa, na chini yake alikuwa na msaidizi mmoja aitwaye Vitalis. Mwaka tisini na tatu serikali ilipopunguza wafanyakazi, majina yalisomwa mbele ya watu wote kama matokeo ya mtihani. Kituo kikafungwa. Kiwanja kikapata mwenyewe, sasa kilikuwa kimejaa makontena kutoka bandarini. Kopo la shaba lilikuwa limeshafutwa kwenye vitabu vya stoo, litupwe. Beno akaliomba, akalibeba ndani ya gunia.

Mkewe Siwema alirudi Masasi na watoto mwaka uliofuata. Alimsihi waende wote. Beno alisema angewafuata mvua za masika zikiisha, asiache mwezi nusu. Zikaja nyingine. "Sasa wewe unampimia nani?" Siwema aliandika katika barua yake ya mwisho. Barua hiyo Beno hakuijibu. Alijua tu kwamba ukiruka siku moja, mwezi mzima umeharibika, na mwezi ukiharibika mwaka nao hauaminiki tena. Hakuwa ameruka hata siku moja. Siku aliyokuwa na malaria alizipanda zile ngazi kwa mikono na magoti.

Saa nne hivi mtu alibisha getini. Alikuwa dada mwenye mwavuli, viatu mkononi, miguu imejaa tope.

"Shikamoo, mzee Beno."

"Marahaba." Alimtazama vizuri. "Evarista? Yule mwanafunzi wa mafunzo?"

"Ndiye mimi! Mzee, nimekutafuta tangu jana. Nimeambiwa na muuza magazeti kwamba kuna mzee mmoja anapima mvua juu ya ghorofa. Nikasema huyo hawezi kuwa mwingine."

Evarista sasa alikuwa karani kwenye ofisi ya mradi, Magomeni. Alieleza haraka haraka, wamesimama chini ya ngazi. Wiki ijayo dunia nzima ilikuwa inakutana Japani, mjini Kyoto, kuzungumzia hali ya hewa inavyoharibika. Ujumbe wa nchi ulikuwa unaondoka kesho na ripoti, lakini ripoti ilikuwa na shimo: kuanzia tisini na tatu hadi sasa, kituo chao cha zamani hakina kitu.

"Bosi amesema nimtafute msimamizi wa zamani, aje leo leo. Mzee, wewe unazo kweli? Zote?"

"Zote," alisema Beno.

Alioga, akavaa shati jeupe, akalichomekea. Kauntabuku tano alizifunga kwa nailoni mara mbili, akazifunga tena kwa mpira wa baiskeli. Gari la mradi lilikuwa linangoja mtaani. Walipopita Jangwani maji yalikuwa yameshafika kwenye madirisha ya nyumba za bondeni, na watu walikuwa wamekaa juu ya mabati na masufuria yao. Dereva alifunga kioo. Beno alikuwa anahesabu kichwani: sabini na moja, hamsini na tisa, na juzi themanini na tatu. Alikuwa anafikiri namna ya kuwaeleza vizuri, asiwachoshe.

Ofisi ilikuwa ya kupanga, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Msichana wa mapokezi alimwambia aandike jina, anakotoka na shida yake.

"Sina shida. Nimeitwa."

"Andika tu shida, mzee. Hapa pameandikwa shida."

Aliandika: mvua. Akakaa kwenye benchi hadi saa nane. Watu walipita na mafaili, na picha za hati za kusafiria, na masanduku mapya ambayo bado yalikuwa na lebo za madukani Kariakoo. Alisikia wakibishana kama Japani ni baridi ya sweta au ya koti. Chai ilipita, ikarudi.

Hatimaye akaingizwa kwa Bwana Uwesu, mratibu wa mradi, mtu mnene mpole mwenye macho ya kukosa usingizi. Evarista alisimama kando ya kabati. Beno alifungua nailoni, akapanga vitabu mezani kwa mwaka.

Bwana Uwesu alifunua kurasa. Alifunua nyingi, polepole. Kisha alivua miwani.

"Kila siku?"

"Kila siku, saa tatu. Kama tulivyofundishwa."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

Mratibu alicheka kidogo, si kwa dharau. Alivuta ripoti iliyojalidiwa, akaifungua penye kikaratasi cha njano. "Mzee wangu, ngoja nikueleze, maana wewe ni mtu mzima. Moshi huu unaoharibu hewa wameujaza wa nchi tajiri, kwa viwanda vyao. Huko Kyoto wanabembelezwa waahidi kupunguza. Huyu anasema asilimia tano, yule kumi na tano, wanavutana. Sisi maskini hatudaiwi kupunguza kitu. Sisi tunatakiwa tuseme tumeumia kiasi gani na tunahitaji nini. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Ndiyo maana nimezileta."

"Sasa soma hapa."

Beno alisoma. *Tangu 1993 takwimu za mvua za kituo hiki hazipo, kwa ukosefu wa vifaa na watumishi.* Chini yake kulikuwa na jedwali.

"Na hizi namba?"

"Makadirio. Mtaalamu wa wafadhili amefanya kwa kompyuta."

Beno aliweka kidole kwenye Novemba ya tisini na nne. Jedwali lilisema mia moja na nane. Alifungua kauntabuku ya pili, akageuza kurasa bila kutafuta, akaonyesha jumla iliyopigiwa mistari miwili: mia mbili thelathini na moja.

"Kompyuta imekosea zaidi ya nusu, bwana mkubwa. Mwezi ule nyumba zilianguka. Mkitumia hii, itaonekana mwaka ule hatukuumia."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa ombi letu ni la vifaa. Vituo kumi na vitatu vimekufa, mzee. Tunawaambia wafadhili: tazameni, hatuna hata pa kujua mvua imenyesha kiasi gani. Hawa hawafufui kitu mpaka uwaonyeshe maiti. Nikiwapelekea madaftari yako watasema, aa, kumbe wanapima vizuri tu, tena bure! Tutaomba nini?"

Beno alitazama vitabu vyake. Evarista alikuwa anatazama sakafu.

"Nilifikiri mmeniita kwa ajili ya hivi."

"Sikujua kama vipo. Huyu binti ndiye ameongeza lake. Nilikuita kwa ajili ya saini." Akamgeukia. "Evarista, ile fomu."

Evarista aliitoa kabatini, akaiweka mezani bila kumtazama Beno usoni. Ilikuwa ya mistari mitatu. *Mimi, niliyekuwa msimamizi, nathibitisha kwamba tangu kituo kufungwa hakuna vipimo vyovyote vilivyochukuliwa.*

"Vifaa vikija, kituo kitafunguliwa," alisema Bwana Uwesu. "Na mtu wa kukiongoza nitamtoa wapi kama si wewe? Utarudi kazini kwako. Hilo nakuahidi mimi mwenyewe."

Alikuwa anasema kweli, au angalau aliamini anachosema. Beno aliiona ofisi ya zamani: dirisha, meza mbili, chai ya saa nne, simu ikilia na mtu wa upande wa pili akiuliza, kituo chenu leo kimepata ngapi? Mtu wa kuongea naye. Hata Siwema labda angerudi, akisikia ana kazi yenye jina. Alichukua kalamu. Aliisoma fomu tena, na alipofika kwenye neno *vyovyote* akairudisha kalamu mezani.

"Siwezi," alisema.

"Ni maneno tu, mzee."

"Andika kituo kilifungwa, nitasaini. Andika hamkunilipa, nitasaini. Lakini mvua nimeipima."

"Kwa nani? Nani anajua?"

Beno alifunga kauntabuku iliyokuwa wazi. Kisha akaanza kukusanya vitabu, cha kwanza juu ya cha pili.

Bwana Uwesu alipumua kwa nguvu. "Basi, sikulazimishi. Vitalis amesaini jana jioni. Nilitaka yako kwa sababu ulikuwa mkubwa wake, lakini yake itatosha."

Vitalis alijua. Vitalis aliwahi kupanda hadi kwenye lile paa, wakacheka pamoja, akamsaidia kusawazisha kopo kwa timazi. Beno alizungusha mpira wa baiskeli kwenye nailoni, ukakatika, akaufunga kwa fundo.

Evarista alimsindikiza hadi ngazini. "Nilidhani watafurahi," alisema kwa sauti ya chini. "Mzee, nisamehe. Mimi mkataba wangu unaisha Desemba."

"Nenda ndani, mwanangu. Utaitwa."

Gari la kumrudisha halikuwepo. Alitembea. Mvua ilikuwa imerudi kwa nguvu, na magari yalikuwa yamesimama foleni kabla ya daraja la Jangwani. Watu walivuka kwa miguu, maji yamefika magotini, vitu vichwani. Pembeni mwanamke mmoja alikuwa anahangaika na godoro lililolowa. Akilinyanyua upande huu, upande ule unakunjika. Alimwona Beno na shati lake la kuchomekea.

"Wewe wa serikali?"

"Hapana, mama."

"Basi shika huku. Wanangu wako shuleni kule, tumeambiwa tulale madarasani."

Beno aliweka kifurushi chake juu ya godoro, akashika upande wa nyuma. Lilikuwa zito kama mtu. Waliingia majini. Mwanamke aliitwa Tatu, alisema, na chumba chake kilikuwa cha tatu kutoka mtoni. Sasa hakujua tena ni cha ngapi.

"Na hilo furushi lako ni nini, mbona unalichunga hivyo?"

"Vitabu. Naandika mvua. Inayonyesha kila siku, naipima."

"Ili iweje?"

Alikanyaga kwa uangalifu, akitafuta lami kwa kidole cha mguu. "Ili wakubwa wakiuliza, wajibiwe."

"Wakauliza?"

"Leo wameniita."

"Ukawaambia?"

"Niliwaambia."

Tatu aligeuza shingo, akatazama bondeni, kule paa la chumba chake lilipotakiwa kuonekana. Uso wake ulilegea kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Afadhali," alisema. "Basi wameshajua."

Godoro lilianza kuteleza upande wa Beno. Akaliinua hadi begani, wakaendelea kuvuka.