Besi ya Kituo cha Majani

Kama unataka watu wakusahau ukiwa umesimama mbele yao, piga gitaa la besi. Mimi nililipiga kwenye harusi, kwenye baa za Kericho, hata kwenye sherehe za shule kule Kabianga. Nyimbo zote za bendi yetu nilizitunga mimi, na bado watu waliniuliza kama ni mimi ninayebeba spika.

Hao niliwazoea. Ambaye sikumzoea ni baba yangu, mzee Johana. Alikuja kutusikiliza kwenye harusi ya binamu yangu Tecla, akakaa mstari wa mbele, kofia magotini. Tulipomaliza akaniita kando.

"Gitaa ya Owino nimesikia," akasema. "Ngoma nimesikia. Kuimba pia, hata kama ni kelele. Yako sijasikia. Wewe unafanyanga nini pale?"

"Napiga ya chini, Baba."

"Chini wapi?"

Nilikasirika sana. Hasira ikaisha, lile swali likabaki. Sikutaka anisifu. Nilitaka anisikie tu, hata mara moja.

Mwaka wa 1994 nikapata mashine ndogo ya kurekodi kaseti, nikaacha kuwangoja maprodyuza wa Nairobi. Nikawa prodyuza mwenyewe. Studio yetu ilikuwa darasa la nasari kando ya kituo cha kupimia majani ya chai, pale Mogogosiek, na madirisha tuliyaziba kwa blanketi za mama. Wimbo ulikuwa roki ya haraka kuhusu msichana wa Londiani anayependa viazi kuliko wanaume. Owino, mpiga gitaa wetu, alikuwa fundi kiwandani na alikuwa ameomba ruhusa ya asubuhi hiyo tu.

Katikati ya wimbo, lori la majani likapiga honi nje. Aliyezaliwa huku anajua: honi ile ikilia, kila mtu shambani anabeba kikapu na kukimbia, kwa sababu lori halimngoji mtu na majani yakilala yanaharibika. Owino akaachia nyuzi. Kebaso, mpiga ngoma, akainua vijiti. Mimi nikaendelea. Nilikuwa nimeshapata mdundo mzuri na sikuwa tayari kunyang'anywa na lori. Nikapiga peke yangu, besi tupu, mpaka wenzangu wakaona aibu wakarudi.

"Futa hiyo," Owino akasema. "Turudie haraka, bana. Imeharibika kabisa."

Nikairudisha tukasikiliza. Honi, kisha besi ikinguruma peke yake, kisha gitaa likiingia kama mtu aliyechelewa kanisani.

"Haifutwi," nikasema.

"Kiptum, iko na lori ndani!"

"Wacha ikae na lori yake."

Akanitukana kwa Kijaluo, tena tusi ambalo nalijua vizuri. Lakini prodyuza nilikuwa mimi.

Kaseti ya kwanza nilimpa Rodah, mwenye duka lililopakana na kituo. Akatoa spika zake kubwa barazani zikatazama mashamba, akafungulia sauti mpaka mwisho. Mimi nilikaa ndani na kikombe cha chai, nikijifanya sisikilizi.

Honi ikalia. Nilipochungulia nje, watu walikuwa wanashuka mlima mbio, vikapu mgongoni, majani yakimwagika njiani, wanawake wakiitana. Mbele yao wote alikuwa baba yangu, na umri wake ule. Walipofika, hakuna lori, hakuna karani. Ni Rodah tu, amejishika tumbo kwa kicheko.

"Lori iko wapi?"

"Iko kwa kaseti!"

Wengine wakafoka, wengine wakacheka, wote wakadai airudishe wajionee. Baba hakufoka wala kucheka. Alisogea mpaka kwenye spika, akainama, akatega sikio. Honi ilipopita akainua mkono watu wanyamaze.

"Hapo," akasema. "Nilisikia honi, nikasema labda iko mbali. Halafu nikasikia enjini, nikajua imefika. Ndiyo nikakimbia. Hiyo enjini ni nani?"

Nikatoka na kikombe changu mkononi. "Ni mimi, Baba. Ndiyo ile ya chini."

"Kumbe iko na nguvu hivyo," akasema. "Rodah, rudisha tena."

Kabla ya miaka ya tisini kuisha nilikuwa nimerekodi bendi nyingi za Kericho na Bomet, na wengine walikuja kuniomba niwawekee honi. Lakini furaha ya siku ile sijaipata tena. Baba alikaa juu ya jiwe kando ya kikapu chake, akitikisa kichwa taratibu kwa mdundo wangu, na wenzake wakakaa naye.

Wimbo ukiendelea, lori lenyewe likatokea kwenye kona, likapiga honi kwa nguvu. Watu wakaruka, wakashika vikapu. Baba hata hakugeuka.

"Kaeni chini," akawaambia. "Huyo ni mtoto wangu."