Bolti Nne za Hatua ya Mwisho

Mimi nashuku watu, na sioni aibu kusema. Mama yangu kule Muleba alinizoesha kuhesabu mikungu ya ndizi kabla wageni hawajaingia na baada ya kutoka, na nilipoajiriwa kama injinia kwenye karakana ya boti za faiba hapa Pasiansi, kando ya ziwa, nilihesabu bolti kwa moyo uleule. Kwa hiyo boti namba nne iliporudishwa ubao wake wa nyuma umepasuka, tukakata sitaha, ile sakafu ya juu inayofunika tumbo la boti, na kukuta matundu manne matupu mahali pa bolti nne, sikujiuliza nini kimetokea. Nilijiuliza nani kafanya.

Ubao wa nyuma ndio unaobeba injini. Kwa ndani unashikwa na chuma kilichopinda, mafundi wanakiita kiwiko, na kiwiko kinafungwa kwenye ubao kwa bolti nne. Zisipokuwepo, kinabaki kimeshikwa na gundi tu, na injini kubwa ikikivutavuta mwezi mmoja au miwili gundi inaachia. Yule mteja alikuwa na bahati, injini ilimlalia karibu na gati. Mama Bernadetta, mwenye karakana, aliyatia kidole yale matundu, moja baada ya jingine.

"Kokulinda, hadi Ijumaa nataka jina," akaniambia. "Na huyo mtu anaondoka."

Jina nilikuwa nalo tayari. Nilikuwa nalo tangu mwaka jana, niseme ukweli, likisubiri kosa.

Mashimba ni fundi mkuu wa kuunganisha boti, mtu wa Magu, miaka kumi na tisa pale, mpole kupita kiasi. Upole wake ndio ulionitia shaka. Nilipofika nilikuta mafundi wanaunganisha boti kwa kumbukumbu, kila mtu na kichwa chake, nikaleta mfumo wa kompyuta. Mfumo unachukua mchoro wa Osward, mchoraji wetu anayekaa ghorofani, unasoma orodha ya vipande vyote na kutoa karatasi ya hatua, ya kwanza hadi ya thelathini na moja. Fundi akimaliza hatua anaweka saini, ndipo stoo inampa vipande vya hatua inayofuata. Hakuna kuruka. Mchoro unaenda moja kwa moja hadi mikononi mwa fundi, hakuna wa kuuchezea katikati. Nilijisifu nao hadi kwenye harusi za watu.

Mashimba aliuruka siku ya kwanza. Kwenye boti namba moja alichukua vifaa stoo kabla hatua ya vifaa hivyo haijafika, nami nikampa barua ya onyo. Kwa utaratibu wetu, barua ya pili ni kufukuzwa. Tangu siku hiyo alipunguza maneno, akawa ananiita Injinia na kuniitikia marahaba akiangalia kazi yake. Mtu akinyamaza hivyo ana lake jambo, nilijiambia.

Jumatatu nilikwenda stoo. Dorcas, mtunza stoo, akanifungulia kumbukumbu zake: bolti za hatua ya mwisho zilitoka kwa kila boti, namba mbili hadi saba, na aliyezipokea kila mara ni Mashimba. Jumanne, mafundi walipokwenda kula, nilifungua sanduku lake la vifaa. Ndiyo, nililifungua, na ningelifungua tena. Chini kabisa kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani yake vifuko vitatu vya nailoni. Kila kifuko kilikuwa na bolti nne na nati zake, na juu kimeandikwa namba ya boti: nne, sita, saba.

Boti sita, vifuko vitatu. Vingine vimekwenda wapi? Hapo nikakumbuka Jumapili moja nilipokuwa narudi kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yangu. Pale Usagara nilimwona Mashimba juu ya pikipiki, anashika njia ya kwenda daraja la Busisi, na nyuma amefunga mfuko uliotokeza mkia wa drili. Drili ya karakana, siku ya Jumapili! Ng'ambo ya daraja wapo wengi wanaojitengenezea boti zao, na bolti zisizoshika kutu wanazitafuta kwa tochi. Hesabu ilikuwa imekamilika. Niliona raha hata ya kuonea aibu.

Jumatano nikamfuata kwenye boti aliyokuwa anaipiga msasa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Injinia."

"Ile Jumapili ulivuka Busisi na drili yetu. Ulikwenda wapi?"

"Ng'ambo."

"Kufanya nini?"

"Kazi."

"Kazi ya nani?"

"Ya hapahapa." Akapuliza vumbi kwenye faiba.

"Na hatua ya thelathini na moja, huwa unaifanya au huifanyi?"

Akasimama wima, akanitazama kwa mara ya kwanza baada ya miezi. "Mimi hiyo sijawahi kuiwekea saini, Injinia. Kaangalie."

Nikaenda kuangalia, nikiwa na hakika anadanganya. Karatasi ya boti namba nne ilikuwa na saini yake kwenye hatua zote thelathini za mwanzo, ile M yake yenye mkia mrefu. Kwenye hatua ya thelathini na moja palikuwa na K.

K ni mimi. Mfumo haukubali boti itoke kama kuna kisanduku kitupu, na siku ile mteja alikuwa anasubiri getini na gari lake la kuvutia boti. Nikadhani mzee kasahau, nikasaini. Nikafungua namba mbili: K. Namba tatu: K. Zote sita zilikuwa K, na ya mwisho nilikuwa nimeitia kwa mbwembwe kabisa.

Natamani ningesema kwamba pale pale niliamua kwenda kwa Mama Bernadetta kukiri, lakini sikuwaza hivyo hata kidogo. Niliwaza kwamba wizi wa Mashimba lazima uthibitike haraka, mbele ya watu, kabla mtu hajaomba faili. Nikachapa barua yake ya kufukuzwa, nikaacha nafasi ya saini ya Mama Bernadetta.

Ijumaa asubuhi boti namba nane ilikuwa imefika hatua ya thelathini. Nikamwomba Mama Bernadetta ashuke, na mafundi waache kazi wasogee.

"Mama, hii ni kazi ya dakika kumi," nilisema. "Nitaifanya mimi mwenyewe, ambaye si fundi, ili ionekane kwamba hakuna sababu ya kutoifanya isipokuwa wizi."

Dorcas alinipa bolti. Nikazisukuma moja moja kutoka nje ya ubao wa nyuma, zikapita zote nne bila shida. Nikageuka kuwatazama watu kidogo. Mashimba alikuwa amekunja mikono, uso wake hauna kitu. Nikachukua nati na spana, nikaenda upande wa ndani kuzifunga.

Upande wa ndani haukuwepo. Sitaha ilikuwa imeshafunikwa na kugandishwa tangu hatua ya ishirini na saba, na ncha za bolti zilikuwa chini yake, gizani. Nilizunguka boti mara mbili nikitafuta pa kupitisha mkono. Palikuwa na tundu la waya, linaingia vidole viwili.

"Dakika kumi zimeisha," Mama Bernadetta alisema.

Nikaomba Osward aitwe. Alishuka na kikombe chake cha chai, nikamwuliza kwa nini sitaha kaipa namba ishirini na saba na bolti za kiwiko thelathini na moja. Hakuelewa swali.

"Bolti niliziongeza mwisho, wateja walipoanza kutaka injini kubwa," alisema. "Namba ni jina tu la kipande. Nilivyochora ndivyo nilivyozipa."

"Kwa hiyo siyo mpangilio wa kufunga?"

"Nani kasema ni mpangilio wa kufunga?"

Aliuliza kwa upole tu, anataka kujua. Nilisema ni mimi. Mfumo uliona namba ukazipanga kuwa hatua, nami sikushuka hata siku moja kusimama kando ya boti na ile karatasi. Miezi yote hiyo tulikuwa tunaunga boti kwa kufuata jinsi Osward alivyokuwa anakumbuka vitu mezani kwake.

Mama Bernadetta akamgeukia Mashimba. "Bolti za boti nyingine ziko wapi?"

"Namba mbili, tatu na tano nimeshazifunga, mama. Nilikuwa nawafuata wenye boti Jumapili. Nakata tundu la mviringo kwenye sitaha, nafunga, naweka kifuniko. Nikawaambia ni huduma ya karakana." Akakohoa. "Namba nne sikuwahi. Zimebaki sita na saba."

Mama akamtuma Dorcas apige simu kwa wenye boti hizo mbili, wasiingie majini hadi fundi afike. Tulisimama tukimsikiliza. Wa kwanza alipokea, wa pili akapokea baada ya kupigiwa mara tatu, naye alikuwa nchi kavu. Nikavuta pumzi, na ile pumzi ndiyo niliyoitumia kusema.

"Saini za hatua ile ni zangu, mama. Zote. Na ile barua ya onyo nilimpa kwa sababu alichukua bolti hizi hizi mapema, kabla sitaha haijafungwa."

Mama Bernadetta alichukua barua niliyokuwa nimemwandikia Mashimba, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba wake.

"Mashimba, kwa nini hukusema?"

"Nilimwendea Injinia mara mbili. Akaniambia nijaze fomu kwenye kompyuta. Fomu ni ya Kiingereza."

"Nauliza kwa nini hukuja kwangu. Miaka kumi na tisa, hujui ofisi yangu?"

Mashimba alijikuna shingo. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Ningekuja, mama," alisema. "Ungemwita nani akuambie kama nasema kweli?"

Mama Bernadetta akanigeukia mimi, na mafundi wote wakanigeukia.