Watu wa Bondeni Wahesabiwe

Pamba ilikuwa ikishuka kwa reli kutoka mbugani, mto ukaendesha mitambo, na watu waliokuja kufuma vitambaa wakajenga palepale chini bondeni, kwa kuwa mlimani walikaa mabosi. Ndivyo mji ule ulivyozaliwa. Kisha mitumba ikaingia, mitambo ikachoka, geti la kiwanda likafungwa kwa mnyororo, na wafumaji wakatawanyika kila mtu na njia yake.

Mama Nyuzi hakuondoka. Hilo "mama" lilikuwa la heshima tu, maana ujana wake wote uliishia kwenye mashine, na kwa mshahara huo alimsomesha mdogo wake wa kiume mpaka akawa afisa mipango wa manispaa.

Mwaka wa sensa mdogo wake alimjia, akaketi jikoni, akala mpaka akafuta sahani. Alimweleza kuwa watu wakifika idadi inayotakiwa, mji utapandishwa hadhi uwe jiji. Barabara zitakuja, na huenda kiwanda nacho kikapata mwekezaji. Shida ni kwamba bonde lilibaki tupu.

"Wewe wanakusikiliza, dada," alisema. "Waite warudi, wahesabiwe hapa. Hawatajuta."

Mama Nyuzi akapiga simu mpaka koo likamkauka. Aliyesita zaidi alikuwa Kasuku, shoga yake wa mashine ya jirani, mwanamke mwenye domo lisilofunga breki. Alikuwa amehamia mbali kwa mkwewe, mume wa bintiye, akapewa chumba, na mkwe huyo hakuwa mtu wa kuagwa mara mbili: ukitoka kwake, umetoka.

"Njoo, shoga," Mama Nyuzi alimbembeleza. "Kiwanda kikifunguliwa, nani atawafundisha hao watoto kama si sisi?"

Kasuku akaja na godoro kichwani. Wengine nao wakaja, wakaezua mabati yenye kutu na kuezeka mapya. Karani wa sensa alipita akawakuta wanacheka.

Mji ukawa jiji. Tarumbeta zikapigwa uwanjani, na Mama Nyuzi akapewa kiti cha mbele.

Haikuchukua muda, vibarua wa jiji wakateremka na makopo ya rangi nyekundu. Walieleza kuwa jiji haliruhusiwi kuwa na makazi kando ya mto. Ramani mpya inataka bustani na hoteli. Nyumba zikapigwa alama ya kubomolewa, moja baada ya nyingine. Ya Mama Nyuzi ikarukwa.

Alipanda mlimani kwa miguu mpaka ofisini kwa mdogo wake, akamuuliza kama alijua tangu siku ile ya jikoni. Yule bwana hakuinamisha hata macho.

"Dada, bila watu hakuna jiji, na bila bonde hakuna hoteli. Nimekusogezea mstari wa ramani, nyumba yako iko nje. Unajua nilivyoihatarisha kazi yangu?"

Mama Nyuzi alimwambia aurudishe mstari ulipokuwa. Mdogo wake akacheka kwa upole, akasema dada amechoka, akamwita dereva amrudishe. Ni kweli alikuwa amechoka, akapanda.

Basi bonde zima likamwona akishuka kwenye gari la jiji, dereva amemshikia mlango. Hakuna aliyemtukana. Kasuku alikuwa anang'oa mabati yake mwenyewe. Mama Nyuzi akakimbia kumshikia upande wa pili, akamsihi ahamie kwake, vyumba viko viwili.

"Shika vizuri, lisikukate," Kasuku alisema. "Mikono hiyo mlimani bado wanaihitaji."

Mama Nyuzi alichukua mkaa akajichorea alama ileile ya kubomolewa ukutani kwake. Msimamizi wa ubomoaji akamwamkia kwa adabu, akaamuru ifutwe. Tingatinga likaizunguka nyumba yake kama linavyozunguka msikiti.

Mkwe wa Kasuku alikuwa amekwisha kupangisha kile chumba. Kasuku akalala stendi, mvua ikamnyeshea, kifua kikambana, akafa kabla mahindi hayajakomaa.

Mkwe alipofuata maiti aliuliza ni nani aliyemwita mama yule arudi. Wakamnyooshea kidole Mama Nyuzi. Akaenda, akasimama kizingitini. Mama Nyuzi akamfutia kiti kwa upindo wa kanga, akamkaribisha. Hakuketi. Akatazama paa lisiloguswa juu ya kichwa cha mwenyeji wake, kisha akaondoka bila kutoa hata salamu.