Maji ya Chumvi Chini ya Ukuta

Tangu mwaka wa themanini na nne uanze, Rehani fundi redio hakuwahi kukaa mbali na nyumba yake kwa zaidi ya saa sita. Hakwenda mazishi ya Dareda wala harusi ya Magugu. Hata siku ya Idi, alipoalikwa kwa Salum muuza vitambaa, alikula haraka haraka macho yakiwa kwenye saa, akaaga kabla kahawa haijaletwa. Watu wakasema fundi kaingiwa na kiburi. Wengine wakasema upweke umempunguza akili. Hakuna aliyejua kwamba mtu mzima yule alikuwa amefungwa na tyubu ya tairi la lori.

Tyubu yenyewe ililala sakafuni katika chumba cha nyuma, imejaa upepo, imekandamizwa kwa kibao na matofali mawili. Kwenye valvu yake alichomeka mrija wa dripu, ule wa hospitali wenye kigurudumu kidogo cha kupunguzia dawa. Mrija ulipanda hadi kwenye tangi la kioo lenye urefu wa meza, ukatema mapovu taratibu, na kando ya mapovu hayo waliishi vitatange wawili, samaki wa baharini wapana kama kiganja, wa manjano, wenye mstari mweusi uliopita machoni. Tyubu ikijazwa kwa pampu ya baiskeli ilitosha saa sita. Ikiisha, samaki walipanda juu ya maji na kuanza kutweta.

Tangi lilikuwa la Mwanaharusi, mkewe. Walipohama Tanga kuja Babati, Mwanaharusi aliizoea baridi, akayazoea makande, akazoea hata vumbi la mnadani. Ila maji ya ziwa aliyatazama kama mtu anayetazama mtoto wa jirani: mzuri, lakini si wake. Rehani hakuwa mtu wa maneno. Ujanani aliwahi kutengeneza mashine za nyumbani kwa meneja mmoja wa shamba la mkonge, aliyefuga samaki wa baharini sebuleni, na kazi ile aliikumbuka. Akamwomba fundi chuma amwungie fremu, akanunua vioo vya duka lililofungwa, akavishika kwa paste ya madirisha. Kisha akamwagiza Shaaban, dereva aliyepeleka vitunguu Tanga, arudi na madumu ya maji ya bahari na samaki wawili. Siku hizo umeme wa mji ulikuwapo, na pampu ya upepo aliiunda mwenyewe kwa mota ndogo na kiwambo cha mpira. Jirani walikuja kuangalia, Mwanaharusi akawakaribisha chai, akawaeleza majina ya samaki wote wa kwao.

Kisha mambo yakageuka. Jenereta ya mji ikakosa dizeli, na umeme ukawa wa kusikia. Rehani akaihamishia pampu kwenye betri ya gari. Betri ikafa, na asidi ya kuifufua haikupatikana hata Arusha. Lori la Shaaban likapandishwa juu ya magogo kwa kukosa matairi. Naye Mwanaharusi, aliyekwenda Tanga kumwuguza binti yao Sabaha baada ya kujifungua, alisema miezi mitatu, na miezi mitatu ikawa miaka miwili.

Barua zake zilikuwa fupi. "Njoo huku, Baba Sabaha. Redio zipo kila mahali." Naye alijibu kila mara: "Samaki wako nitamwachia nani?" Mwanzoni maneno hayo yalikuwa ya kweli. Baadaye yakawa tu rahisi kuyaandika kuliko mengine. Mengine yalikuwa kwamba kwenye rafu ya karakana yake redio kumi na moja zilikaa kimya kwa kukosa betri, na kwamba aliona haya kuingia nyumbani kwa mkwewe, mume wa Sabaha, akiwa mikono mitupu, na umri wa miaka hamsini na nne.

Chumba cha nyuma akakifunga. Watu wakadhani wale samaki walikwisha kufa zamani.

Jumanne moja ya mwezi wa Agosti, akijaza tyubu asubuhi, aliona tone. Lilining'inia kwenye kona ya chini ya tangi, pale kioo kilipokutana na chuma, likaanguka. Likaja jingine. Alipiga magoti, akakwangua rangi kwa kucha. Rangi ikabanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake chuma kilikuwa kimeoza, chekundu, laini. Chumvi ilikuwa imekula fremu kimya kimya kwa miaka, ikaisukuma paste nje.

Mtu asiyejua angesema: maji yakipungua, ongeza. Na kwa kweli kila wiki Rehani aliongeza maji ya mvua, kwa sababu maji yakikauka kwa jua ni maji tu yanayopaa, chumvi inabaki. Lakini yanayovuja yanaondoka na chumvi yake. Ukijaza ya mvua, kidogo kidogo bahari inageuka kisima, na kitatange hawezi kuishi kisimani. Kila tone lile lilikuwa limetoka Tanga, na lori la kuleta jingine lilikuwa juu ya magogo.

Akafikiri. Lami ingeziba, lakini ni sumu. Sabuni ya mche huziba tangi la petroli, lakini ingewaua samaki, na sabuni yenyewe iko wapi? Akakata kipande cha mpira, akakibana kwenye kona kwa kabari ya mti. Matone yakakoma. Akaketi akitazama kwa muda mrefu, kisha akachukua mfuko wake, akaenda kupanga foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, kwenye duka la ushirika, maana ndani hamkuwa na chakula cha mtu.

Foleni ilikula saa tatu. Aliporudi, alikuta watu wawili mlangoni pake.

Mmoja alikuwa Mama Damiani, Bernadina kwa jina lake, mjane kutoka Mbulu aliyepanga chumba cha pili cha nyumba hiyo mwaka uliopita. Aliuza maziwa ya ng'ombe aliyemweka kwa kaka yake kijijini Singe, na kila asubuhi alimwachia Rehani kikombe kimoja dirishani. Zaidi ya salamu hawakuwa wamewahi kuzungumza. Wa pili alikuwa mzee Teodori, balozi wa nyumba kumi, mfupi, koti limefungwa vifungo vyote.

"Shikamoo, mzee," alisema Rehani.

"Marahaba, fundi. Fungua mlango."

"Kuna nini?"

Mama Damiani alikuwa ameshika kitambaa kilichoroa. "Baba Sabaha, maji yamepita chini ya ukuta yakaingia kwangu. Nikadhani dumu lako limepasuka. Nikapangusa. Nilipojifuta uso..." Akasita. "Ni ya chumvi."

"Wiki ya tatu sasa," alisema Teodori, "watu wa mtaa huu wanakula mboga chukuchuku. Chumvi haionekani dukani. Halafu kwako inatiririka. Mimi sikutuhumu, fundi. Lakini likifika mbele litaitwa jina lake, uhujumu uchumi, nami nitaulizwa nilikuwa wapi."

Rehani hakumsikia hata nusu. Neno lililobaki masikioni mwake lilikuwa moja tu, yamepita. Aliangusha mfuko wa unga mlangoni, akakimbilia chumba cha nyuma, na wale wawili wakamfuata.

Kabari ilikuwa imeteleza. Maji yalikuwa yametambaa sakafuni hadi ukutani, na katika tangi yalibaki chini ya nusu. Samaki walikuwa wamelala ubavu kwa ubavu kwenye kona moja. Rehani aliweka kidole gumba kwenye ufa, akakikaza pale, akabaki amechuchumaa na suruali inaroa.

Teodori alivua kofia.

"Kumbe bado wapo," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekuta wagonjwa. "Wale wa Mwanaharusi. Alinionyesha, alininywesha chai hapa hapa."

"Wanakula nini?" aliuliza Mama Damiani.

"Vipande vya samaki wa ziwani."

"Samaki anakula samaki." Akaliinamia tangi, akatazama. "Wewe ndiye unayewapulizia upepo siku nzima? Mimi ule mlio wa pampu nikadhani una baiskeli mbovu."

Rehani alitaka kucheka. Akasema tu kwamba kidole chake hakiwezi kukaa pale mpaka kesho.

Basi ikawa kazi. Teodori, aliyekuja kukamata mlanguzi, alikunja mikono ya koti akateka maji yaliyobaki kwa sufuria, akayamimina kwenye karai kubwa la kufulia lililosuuzwa mara tatu. Rehani aliwahamisha samaki kwa kipande cha chandarua, mrija ukafuata. Kwa vile maji yalikuwa machache, upepo ulitakiwa kuwa mwingi, na tyubu ilijazwa kila baada ya muda mfupi. Balozi akaishika pampu ya baiskeli, akawa anapiga huku akihesabu kwa Kiiraqw, lugha ya kwao.

"Kwa kuzibia una nini?" aliuliza Mama Damiani.

"Sina. Paste haipo mjini."

"Na nta? Kaka yangu ana mizinga. Ninayo chumbani, ya kupaka vibuyu visivuje."

Rehani alimtazama. Nta peke yake ingekuwa laini mno. Lakini katika karakana alikuwa na ile dawa ngumu ya kulehemea, ya rangi ya asali, ambayo kwa asili ni utomvu wa mti tu. Akaviyeyusha pamoja juu ya makaa, akajaribu kidogo kwenye kipande cha bati baridi; mchanganyiko ukashika, wala haukupasuka alipokikunja. Akaikwangua kutu yote, akaikausha fremu kwa chuma cha moto mpaka ikawa haivumiliki mkononi, akamimina ule uji pande zote nne, akaukandamiza kwa kijiko. Hadi jua la machweo linaupaka Mlima Kwaraa wekundu, tangi lilikuwa limezibwa.

Walipoyarudisha maji, hakuna hata tone lililotoka. Lakini kitatange mmoja alikuwa amekwisha kufa kwenye karai.

"Pole," alisema Teodori. Akavaa kofia, akafunga vifungo vyake. "Kwa watu wa mtaa nitasema ni maji ya samaki. Wasiponiamini, waje waone."

Wengine walikuja kweli, siku mbili tatu, wakatazama wakaondoka. Kisha nyumba ikarudia ukimya wake.

Jioni ile ya kuziba tangi, Mama Damiani ndiye aliyebaki nyuma, akikamua kitambaa. "Mama Sabaha atarudi lini?" aliuliza.

Rehani alikuwa amezoea kujibu swali hilo kwa neno "karibuni". Neno likamjia mdomoni, akalimeza. "Harudi," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia neno hilo likisemwa, na lilisemwa na yeye mwenyewe.

Mwanamke yule hakumfariji. Alitikisa kichwa, akaanika kitambaa, akaenda kupika.

Samaki aliyebaki aliishi siku kumi na moja. Rehani alimpigia pampu kama kawaida, akampunguzia chakula ili maji yasiharibike. Lakini maji yalikuwa machache, na uchafu wa karai haukukosekana humo. Siku ya tisa aliacha kula. Siku ya kumi na moja, saa ya adhuhuri, alilala ubavu chini ya mapovu, hakuinuka. Ile nta ilishika mpaka mwisho.

Rehani alijaza tyubu mara mbili zaidi kabla mikono yake haijakubali.

Wiki nzima hakuligusa tangi. Ndipo Mama Damiani alipomwambia dirishani kwamba ng'ombe wake amekosa magadi, anaramba kuta, na kama maji yale hayana kazi tena angemwombea. Wakayagawa kwenye madumu mawili, wakaenda nayo Singe kwa miguu, kila mtu na lake. Ng'ombe alikunywa kidogo kidogo akipiga ulimi puani. Kaka mtu akawachomea mahindi. Rehani akakaa mpaka jua likashuka, akashangaa kwamba hakutazama saa hata mara moja, na mshangao huo haukuwa furaha. Ulikuwa kama wa mtu anayepapasa mfuko akakuta alichokizoea hakimo.

Akamwandikia mkewe: "Samaki wamekufa wote wawili. Tangi lilivuja." Hakujua aongeze nini, akatia sahihi.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, kwa mkono wa utingo wa basi la Tanga. Lilikuwa mstari mmoja. "Pole kwa samaki. Sasa utaniandikia nini?"

Alilisoma akiwa karakana, amesimama. Alasiri ile hakufungua redio yoyote. Alikaa kwenye kigoda, karatasi juu ya goti, akaandika kuhusu redio kumi na moja kwenye rafu. Akaandika kuhusu haya, na kuhusu mkwe. Akaandika kwamba kila alipomtaja samaki alikuwa akimaanisha yeye mwenyewe. Maneno yalitoka polepole, mengine kayafuta, na karatasi ya kwanza ilipoisha aliomba ya pili kwa Salum muuza vitambaa.

Asubuhi iliyofuata alifika stendi basi likiwa linapasha moto injini. Utingo aliichukua bahasha, akaipima kwa kiganja.

"Leo nzito, fundi."

"Mpe mwenyewe mkononi," alisema Rehani. "Na ukirudi, hata kama hakukupa kitu, pita uniambie alivyoipokea."

Basi likaondoka kuelekea Arusha na moshi wake. Rehani alisimama pale mpaka mtu mmoja akamgusa bega, akimwomba apishe mkokoteni.